Windows 7 Bado Ina Kazi: Kuuongezea Mfumo Mkongwe Uwezo wa Kuendesha Programu Mpya

Ujumbe ni ule ule, ingawa jina lililo ndani yake hubadilika. Mtu amepakua programu mpya, ameibofya mara mbili kwenye kompyuta yenye Windows 7, na badala ya programu kufunguka, kunatokea kisanduku chenye alama nyekundu kinachoeleza kwamba GetSystemTimePreciseAsFileTime haikupatikana katika KERNEL32.dll, mojawapo ya faili za Windows yenyewe. Siku nyingine jina huwa ProcessPrng, na faili inayolaumiwa huwa bcryptprimitives.dll. Wateja wengi wanaonijia hapa katikati ya Nairobi huusoma ujumbe huo kama hukumu: kompyuta imezeeka, itafutwe nyingine. Mimi huusoma kama orodha ya vitu vilivyokosekana, na ninaandika haya kwa sababu ninaamini kwamba mwenye kompyuta anastahili kuisoma orodha hiyo kabla ya kuambiwa aingie mfukoni.

Kila programu ya Windows hubeba ndani yake jedwali la majina ya huduma inazozihitaji kutoka kwa mfumo endeshi: kusoma saa, kufungua faili, kuomba kumbukumbu, kuchora dirisha. Programu inapoanzishwa, mfumo hulipitia jedwali hilo jina kwa jina, kama askari wa langoni mwenye orodha ya wageni, na kwa kawaida jina moja likikosa kulingana na huduma iliyopo, programu nzima huzuiwa. Hapaulizwi kama huduma hiyo ingetumika kila sekunde au isingetumika hata mara moja. GetSystemTimePreciseAsFileTime ilianza na Windows 8 mwaka 2012, na kazi yake ni kutoa saa kwa usahihi wa chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Windows 7 inayo huduma ya zamani ya kusoma saa, GetSystemTimeAsFileTime, ambayo kwa programu ya kuandika ankara au kupanga picha inatosha kabisa. Kwa hiyo kinachoitenganisha programu hiyo na mashine hiyo ni jina tu, wala si nguvu ya prosesa au ukubwa wa kumbukumbu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi mwandishi wa programu hakukusudia kuiacha Windows 7 nyuma. Uamuzi huo ulifanywa na chombo alichotumia kuitengenezea. Lugha ya kuandikia programu ya Python iliacha kuihudumia Windows 7 kuanzia toleo la 3.9 lililotoka Oktoba 2020. Lugha ya Go ilifanya hivyo katika toleo la 1.21 la Agosti 2023, nayo Rust ikapandisha kiwango chake hadi Windows 10 katika toleo la 1.78 la Mei 2024. Mtu aliyeandika programu ndogo ya kubadili faili za picha, ambayo haina lolote la kisasa ndani yake, akiijenga upya kwa chombo kipya, jedwali lake la majina linaongezewa huduma ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuziita. Simlaumu. Wanaotunza vyombo hivyo nao wana sababu zao, kwa maana Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na hata yale ya kulipiwa yaliyonunuliwa na mashirika yakakoma Januari 2023. Ni vigumu kumtaka mtu anayejitolea aendelee kujaribu kazi yake juu ya mfumo ambao mwenyewe aliyeutengeneza ameuacha.

Hata hivyo, wapo waliojitwika mzigo huo, na historia yao ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Windows 98 na Windows Me kulikuwa na KernelEx, iliyoziwezesha mashine hizo kuendesha baadhi ya programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows 2000 na XP, ikiwemo Firefox 3. Windows 2000 ikapata kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, kilichopanuliwa na mtaalamu wa Kijapani anayejiita BlackWingCat, Vista nayo ikapata cha kwake, na kwa Windows XP upo mradi wa One-Core-API. Kwa Windows 7 chombo ninachokitumia zaidi ni VxKex.

Miradi hii haifanani katika jinsi inavyofanya kazi, na tofauti hiyo ina uzito kwa fundi. Baadhi hubadilisha faili za mfumo wenyewe: kernel32.dll ya asili huondolewa na kuwekwa nyingine yenye huduma zilizoongezwa, hivyo kila programu katika kompyuta hiyo, itake isitake, hutegemea faili iliyobadilishwa. Likitokea kosa, mashine yaweza kukataa kuwaka. VxKex imechagua njia ya unyenyekevu zaidi. Faili za mfumo haziguswi. Mwenye kompyuta huchagua programu moja anayotaka isaidiwe, na ni programu hiyo tu ambayo jedwali lake la majina huelekezwa upya inapopakiwa kwenye kumbukumbu, ili huduma inayokosekana itafutwe katika faili za VxKex badala ya zile za Windows. Huko ndani, huduma mpya huandikwa kwa kutumia zile za zamani pale inapowezekana. Anayeomba saa yenye usahihi mkubwa hupewa saa bora inayopatikana. Programu nyingine zote huendelea kama kawaida, hazijui kwamba kuna lililobadilika. Kwa mashine ya biashara, ambayo ikilala siku moja kuna mtu anakosa kodi ya nyumba, njia hii ndiyo ninayoipendekeza.

Nitaeleza kazi moja kwa kirefu. Karibu na Grogan kuna duka la stika ambalo hupamba matatu: majina ya magari, michirizi ya ubavuni, maandishi makubwa ya kioo cha nyuma. Mashine yake ya kukata ni ya zamani, ya chuma kizito, na kisu chake bado hufuata mstari bila kuyumba. Draiva ya mashine hiyo, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, iliandikwa kwa Windows ya biti 32 pekee, na walioitengeneza hawakutoa nyingine. Hapa ndipo ushauri wa haraka wa kununua kompyuta mpya unapogonga mwamba, kwa kuwa Windows ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32 kwa namna yoyote, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Kununua kompyuta mpya kungelazimu kununua pia mashine mpya ya kukata, na bei ya mashine hizo si ya kubahatisha. Mwenye duka aliniambia, "Fundi, hii mashine ndiyo imesomesha watoto wangu. Sitaki iende kwa wauza vyuma kwa sababu ya kompyuta." Nilimwambia, "Mzee, mashine haina ubaya wowote. Tuitazame kompyuta kwanza."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kijana anayemchorea michoro alikuwa amemwandikia kwa Python programu ya kuyapanga maumbo juu ya karatasi ya stika ili mabaki yapungue, na programu hiyo ilikuwa imeanza kumwokolea nyenzo nyingi kwenye kompyuta ndogo ya kijana mwenyewe. Ilipoletwa kwenye Windows 7 ya dukani, ikalalamika kwamba faili iitwayo api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Mafundi wanaohudumia mashine za zamani wanalijua jina hilo. Ndilo Python ya 3.9 na zilizofuata hulitaja zikiwekwa kwenye Windows 7, kwa sababu zinahitaji huduma za kushughulikia njia za faili zilizoanza na Windows 8. Njia rahisi ingekuwa kuijenga programu ile kwa Python 3.8, ambayo Windows 7 inaikubali, na siku zote ninaanza kwa kuuliza kama hilo linawezekana, kwa sababu programu inayokubaliwa na mfumo bila msaada ni bora kuliko inayosaidiwa. Lakini maktaba mojawapo aliyoitegemea kijana ilidai Python mpya zaidi.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilichukua nakala kamili ya diski nzima, si ya nyaraka tu, na kuihifadhi kwenye diski ya nje iliyobaki dukani. Katika mashine ya aina hii nakala hiyo ndiyo mali yenyewe, kwa maana programu ya kukatia na draiva yake hazipatikani tena popote, na diski kuu iliyozunguka kwa zaidi ya miaka kumi haina ahadi na mtu. Kisha nikaikagua Windows yenyewe. Ilikuwa na Service Pack 1, fungu kubwa la masasisho ya Windows 7, lakini masasisho yake yalikuwa yamesimama miaka mingi kabla ya 2020, na hili hutokea mara nyingi mjini, ambako mashine nyingi ziliwekewa mfumo mara moja na masasisho yakazimwa ili yasimalize bando. Mfumo ulioachwa hivyo hauna msingi wa kujengea kitu. Mwaka 2019 Microsoft ilianza kutia masasisho yake sahihi ya kidijitali ya aina mpya iitwayo SHA-2, na Windows 7 isiyo na masasisho ya KB4490628 na KB4474419 haiwezi kuyathibitisha wala kuyapokea. Nikaanza na hayo mawili, nikafuata na mengine hadi ya Januari 2020, nikahakikisha kwamba KB2533623 na KB2670838 zimo, kwa sababu huduma zilizoongezwa na masasisho hayo hutegemewa na programu nyingi zilizokuja baadaye. Yote niliyapakua kutoka katalogi ya Microsoft yenyewe kwa kompyuta nyingine na kuyaleta kwa flashi.

Ninasisitiza mahali pa kupakua kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia. Ukiandika mtandaoni jina la faili ya DLL inayokosekana, utaletewa tovuti chungu nzima zinazojitolea kukupa faili hiyo moja bure. Usiichukue. Hujui ilitoka wapi wala ni nani aliyeifungua kabla yako, na faili inayopakiwa ndani ya programu hupata mamlaka yote ya programu hiyo. Vivyo hivyo DVD za Windows zinazouzwa vichochoroni, ambazo mtu ameshazichezea kabla hazijafika mkononi mwako. VxKex ninaichukua pale ambapo chanzo chake kiko wazi kusomwa, na ninaihifadhi nakala niliyoijaribu, maana miradi hii ni kazi ya watu wachache wanaojitolea na inaweza kutoweka mtandaoni wakati wowote.

Baada ya kuiweka, kazi iliyobaki ilikuwa fupi kuliko maandalizi. Unabofya faili ya programu kwa kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, na pale penye vichupo vya kawaida unakuta kimeongezeka kimoja chenye jina VxKex. Ndani yake kuna kisanduku cha kuiwezesha kwa programu hiyo. Chini yake kuna chaguo la kuifanya programu iambiwe kwamba iko juu ya toleo jingine la Windows, ambalo hufaa kwa programu zinazokataa kwa kutazama nambari ya toleo tu bila kukosa huduma yoyote. Nililiacha chaguo hilo bila kuligusa, kwa sababu programu ikidanganywa kuhusu toleo huweza kuanza kuomba mambo ambayo hakuna wa kuitimizia. Programu ya kijana ikafunguka. Tukaipa mchoro wa kweli wa gari lililokuwa likisubiriwa, ikaupanga, ikatoa faili, programu ya zamani ya kukatia ikaipokea, na kisu kikakata. Mzee alisimama karibu na mashine hadi karatasi yote ikatoka, akaifunua herufi moja kwa ukucha kuona kama kina cha kisu ni kile kile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nisipolieleza nitakuwa nimewadhuru wasomaji. Kuupanua mfumo mkongwe hakuufanyi kuwa salama. VxKex huongeza huduma ambazo programu huziita. Haizibi nyufa zilizo ndani ya mfumo. Udhaifu wowote uliogunduliwa katika Windows 7 baada ya masasisho kukoma ungali wazi vile vile, na programu mpya iliyofunguka kwa mafanikio haimwambii mtu lolote kuhusu hilo. Hatari yenyewe ni kwamba mashine inayoonekana kama ya kisasa humpa mwenyewe imani ambayo haina msingi. Programu haribifu ya WannaCry ilipoenea duniani tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya udhaifu ule tangu mwezi Machi mwaka ule ule, na mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa sasisho hilo. Wakati huo Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Leo udhaifu wa namna hiyo ukigunduliwa, haina dawa ya kusubiri.

Kwa sababu hiyo, kompyuta ya duka la stika haina intaneti. Kebo imechomolewa na kifaa cha Wi-Fi kimezimwa katika mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Michoro ya wateja, ambayo karibu yote huja kwa WhatsApp, hupokelewa kwa kompyuta nyingine inayopata masasisho, hukaguliwa huko, kisha hupelekwa kwa flashi ambayo haina kazi nyingine. Nimeizima pia tabia ya Windows ya kufungua vitu vyenyewe flashi inapochomekwa, na akaunti inayotumika kila siku haina mamlaka ya msimamizi. Mzee aliuona utaratibu huu kuwa mrefu, na ni kweli ni mrefu. Nilimweleza kwamba huo ndio gharama halisi ya kuitunza mashine yake, nao ni wa kudumu, tofauti na malipo yangu ambayo hulipwa mara moja.

Wanaoniuliza kuhusu vivinjari ninawajibu kwa uangalifu zaidi. Chrome iliiacha Windows 7 mwezi Februari 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, lakini Mozilla iliendelea kuitolea Firefox 115 masasisho ya usalama hata baada ya hapo, na upo mradi wa Supermium ambao umeurudisha Chromium, msingi ambao Chrome imejengwa juu yake, kwenye Windows 7 na hata XP. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti vya kuaminika, yaani hati za kidijitali za kuthibitishia tovuti, jambo ambalo huisaidia kwenye mfumo mkongwe. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazopata vyeti vyake kwa Let's Encrypt kilikwisha muda, na mashine ambazo hazikuwa na cheti kilichokirithi zilianza kuzikataa tovuti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Lakini kivinjari ndicho mlango mkuu wa hatari, na mlango imara uliotiwa kwenye ukuta wenye nyufa hauzuii mengi. Kusoma habari, sawa. Kuingia iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali au akaunti ya benki kwa mashine hiyo, simshauri mtu yeyote.

Yapo pia yasiyowezekana. Programu zinazodai DirectX 12, ambayo ni huduma ya Microsoft ya kuchora picha, zile zinazotoka duka la Microsoft, na michezo ambayo ulinzi wake huingia hadi ndani ya kiini haziokolewi kwa kuongezewa majina. Programu inayotegemea kadi ya picha huweza kufunguka na kisha kuchora takataka. Nyingine hufanya kazi wiki nzima na kuanguka siku ya kwanza inapotakiwa kuchapisha. Kwa hiyo kila programu inapaswa kujaribiwa kwa kazi yenyewe inayonunuliwa nayo mkate, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ikishafanya kazi masasisho yake yazimwe, kwa kuwa toleo lijalo laweza kuomba huduma ambayo bado haijaandikwa.

Na zipo kazi ninazozikataa kabisa. Zahanati moja iliniomba niipanulie Windows 7 iliyohifadhi rekodi za wagonjwa, ili programu mpya ya usajili iweze kuwekwa humo humo. Nilikataa, kwa maana rekodi hizo ni za watu ambao hawakuulizwa kama wanaukubali mfumo usiozibwa nyufa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezihifadhi azilinde ipasavyo. Tulichofanya ni kuzihamishia rekodi kwenye kompyuta ya mtumba yenye mfumo endeshi wa Linux Mint, ambayo programu ile ya usajili iliikubali kwa kuwa ilifunguka ndani ya kivinjari, na kuiacha Windows 7 ikihudumia kipimo kimoja cha maabara kisichounganishwa na kitu kingine chochote.

Maombi ya aina hii yataongezeka. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele isipokuwa chache, wakati kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Moi Avenue na Luthuli ninazozifungua mezani ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Kwa sasa mashine hizo bado huendesha karibu kila programu mpya bila msaada wowote. Anayeimiliki mojawapo na anayetaka idumu, aanze leo kwa kuchukua nakala kamili ya diski, kuhifadhi draiva za printa na mashine zake nje ya kompyuta hiyo, na kukamilisha masasisho yote yaliyotolewa hadi sasa huku bado yanapatikana bila kutafutwa.